Saa ya Garsen Iliyotangulia

Siku yangu ya kwanza kazini Garsen, kabla hata sijaonyeshwa meza, mkuu wa kituo aliinyooshea kidole saa ya ukutani. "Hapa kwetu saa zinatangulia nusu saa. Mchelewaji asiwe na kisingizio." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Niliajiriwa kutunza tovuti ya tahadhari za mto. Ilikaa kwenye seva mbili, yaani kompyuta zinazohifadhi kurasa na kuwapelekea watu simuni: moja kwetu, nyingine Hola, huko juu maji yatokako. Kila robo saa programu ililinganisha pande zote mbili. Ukurasa ukitofautiana, ilitazama saa uliyohifadhiwa; wenye saa ya karibuni ulibaki, mwingine ukafutwa. Haikusoma hata neno moja la kilichoandikwa.

Mkuu alipogundua seva haifuati saa ya ukutani, aliniita.

"Hiyo mashine yako ni nani hata isitii?"

"Mzee, hiyo inasemezana na ya Hola..."

"Weka mbele!"

Nikaweka. Uoga, wanangu, uoga mtupu! Nilijua si sawa. Miaka ikapita salama, maana ilikuwa nadra pande mbili kugusa ukurasa mmoja ndani ya nusu saa.

Yakaja mafuriko. Watu wa Golbanti walihamia penye mwinuko, ng'ambo ya mashamba yao, wakingoja maji yashuke, kwani mpunga hupandwa tope likiwa bado bichi. Ukichelewa, msimu umekupita. Asubuhi moja, saa mbili kasoro dakika kumi, karani wetu aliandika: "Maji yamepungua. Rudini mashambani." Seva yetu ikarekodi saa mbili na dakika ishirini. Saa mbili na dakika tano, Hola wakabadilisha ukurasa uleule: "Msivuke! Maji mengine yanashuka, yatafika kesho." Saa yao ilikuwa ya kweli. Programu ikaona yetu ndiyo mpya, ikafuta onyo lao. Simu hakuna aliyepiga. Si tulikuwa na tovuti?

Mchana shemeji yangu Jillo, mume wa dada yangu, naye mmoja wa hao wa Golbanti, akanipigia.

"Shemeji, tuvuke?"

Nikatazama skrini. "Vukeni, bwana. Imeandikwa hapa."

Alivuka na mbegu zake, akalala shambani. Maji yalifika alfajiri. Tulimpata siku ya tatu.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mlioshika kazi hii, seva zenu zote zichukue saa kwenye chanzo kimoja mtandaoni, si kwenye mkono wa mtu. Hata hivyo msiamini saa peke yake. Linganisheni maandishi yenyewe, hifadhini nakala iliyoshindwa, na pande mbili zikigongana, mtu asome ndipo aamue. Mkubwa wako akikataa, gombana naye. Mimi sikugombana.

Dada yangu hakuniuliza kitu miaka yote, mpaka juzi alipokuja kunitembelea. Nikamweleza polepole, kuanzia mwanzo.

"Kwa hiyo watu wa Hola walimwambia asivuke?"

"Walimwambia."

"Na nani akamwambia avuke?"

"Mimi, dada."

Akaweka kikombe chini, chai haijafika nusu, akajifunga leso yake vizuri akaenda zake. Simu zangu hapokei.