Jiwe Lilikuwa Chini ya Sufuria ya Mama

Msinipe pole. Nimepewa pole nyingi mno na hakuna hata moja niliyostahili. Mguu wa mume wangu niliuvunja mimi. Si jiwe, si mkosi, wala si kazi ya Mungu kama walivyosema wenzangu wa kanisani. Ni mimi na hasira zangu. Na baada ya hapo nikakaa kimya, nikamwacha mama yangu mzazi alipe.

Haya, nimesema. Ukitaka kunitukana, ngoja kwanza nimalize.

Mume wangu, tumwite Baba Elia, alikuwa dereva wa hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Ni mtu wa Moshi, mpole, tena mpole wa kukera. Ukimfokea anakutazama tu kama mtu anayengoja mvua ipite. Tulijenga hapa Karatu, kwenye kiwanja chenye mteremko mbaya. Ukimwaga maji ya vyombo yanafika kwa jirani kabla hujaweka beseni chini. Kwa hiyo gari la kazini likilala kwetu, liliwekewa mawe mawili mbele ya magurudumu, maana lilikuwa Landrova la zamani na hendibreki yake ilikuwa imechoka kama gari lenyewe.

Mama yangu alikuwa akiishi Daa. Sisi Wairaqw mama tunamwita Aayo, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Macho yalikuwa yakimtesa. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, kila akipepesa zinamkwaruza. Tukasikia daktari wa macho anakuja hospitali ya misheni kule Endulen, atatibu Jumatatu moja tu kisha aende zake. Baba Elia akamwomba bosi wake gari, akapewa. Tungeondoka Jumapili asubuhi na mapema, kwa sababu miaka ile ya shida ya mafuta, Jumapili ikishafika saa nane mchana hukuruhusiwa kuonekana barabarani na gari.

Aayo alifika kwetu Jumamosi na kifurushi chake. Asubuhi yake nikataka ale chakula cha kushiba kabla ya safari. Figa langu moja lilikuwa limepasuka, sufuria kubwa inayumba. Nikatoka nje nikachukua jiwe moja la gari, lile kubwa, nikaliweka jikoni. Sufuria ikatulia. Sikumwambia mtu, maana gari lilikuwa kwenye gia na jiwe la pili lilikuwepo.

Aayo akala. Nikaosha vyombo, nikavaa, nikatoka nikidhani tunapanda gari. Namkuta bwana amelala chini ya gari, miguu imetokeza ubavuni, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma.

"Baba Elia, jua limepanda. Twende."

"Hendibreki haishiki kabisa," akajibu kutoka kule chini. "Siwezi kumpeleka mama kwenye ile miteremko ya njia ya Endulen hivi hivi. Gari likizima mlimani nitalishika na nini?"

"Na jana ulikuwa wapi?"

"Jana nilirudi usiku, uliniona. Njoo ukae kwenye usukani unisaidie. Ni kazi ya dakika chache."

Nilikuwa nimemwona, ni kweli. Lakini mwezi uliotangulia aliahidi kumleta Aayo zahanati, siku ilipofika akambebea dada yake ndizi kutoka Mto wa Mbu. Wifi yangu huyo alikuwa na kibanda pale sokoni Karatu, na mizigo yake haikuwahi kukosa gari. Hilo nilikuwa nimeliweka moyoni na nilikuwa nalilisha kila siku.

Nikapanda. Akatoka chini, akatoa gia, maana dramu ya ile breki iko katikati chini ya gari na gia ikiwa ndani inaibana. Akaniuliza jiwe lingine liko wapi.

"Liko jikoni. Nimepikia."

Akaliangalia lile dogo lililobaki. "Basi sasa breki ni mguu wako. Kanyaga, usinyanyue mpaka nitoke. Nikisema vuta, uvute mkono wa hendibreki. Nikisema achia, uachie. Lakini mguu usitoke, Mama Elia. Umenisikia?"

Nilimsikia. Alilirudia mpaka nikaudhika.

Akaingia chini na spana yake. Vuta. Bado. Achia. Anakaza kidogo, anasikiliza, anakaza tena. Vuta. Bado inateleza. Achia. Mtu hana haraka hata chembe! Kwenye mlango wa jiko Aayo amekaa na kifurushi mapajani, kitambaa machoni, ametupa mgongo kwa heshima, kwa sababu mama mkwe hakai akimtazama mkwe wake aliyelala chini. Namtazama mgongo wake na jua linapanda, na damu yangu inachemka.

Mdomo ukaanza. Nikasema angekuwa dada yako saa hizi mngekuwa mmeshafika. Nikasema mama yangu si mtu, mama yangu ni wa Daa, anaweza kungoja mpaka apofuke. Nasikia spana tu. Nikasema mengine ambayo sitayaandika, yanahusu ukoo wao.

Ndipo akasema, bila hata kupandisha sauti, "Mama Elia, kanyaga breki, punguza mdomo. Haya, achia mkono."

Nikaachia mkono. Kisha nikasema, "Kanyaga mwenyewe." Nikashuka, nikaubamiza mlango.

Sasa sikiliza, hapa ndipo pa kuungama. Usidhani nilisahau. Watu wakisimulia makosa yao husema nilipitiwa, sikujua, shetani alinipanda. Mimi nilijua. Nilijua mguu wangu ndio breki na niliutoa nikijua. Sikutaka afe wala sikutaka aumie. Nilitaka gari litikisike kidogo, apate hofu, atoke chini pale akiwa na haraka kama mimi. Nilitaka kumwona siku moja akikimbia.

Gari halikukimbia. Lilisogea taratibu kama ng'ombe anayenyanyuka. Lile jiwe dogo likapandwa, likasukumiwa pembeni, na gurudumu la nyuma likapita juu ya mguu wake wa kushoto. Gari likaenda kusimama kwenye ua wa minyaa wa jirani. Sauti aliyotoa siku ile bado naisikia nikiwa shambani, nikiwa kanisani, popote.

Aliyefika kwanza ni Aayo. Mama asiyeona vizuri, ambaye tangu niolewe hajawahi hata kumshika mkono mkwe wake, alitupa kifurushi akaja akipapasa hewani, akaanguka pale vumbini, akamshika kichwa akakiweka mapajani. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale nilipobamizia mlango.

Lori la maharage ndilo lililompeleka hospitali. Wifi akatukuta huko, analia na kuuliza kwa pamoja, "Gari limetembeaje? Limetembeaje lenyewe?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa nasema. Lakini Baba Elia kutoka pale kitandani, midomo imekauka, akaniwahi. "Jiwe," akasema. "Jiwe moja halikuwepo."

"Lilikuwa wapi?"

Akafumba macho. Wifi akanigeukia mimi.

"Lilikuwa chini ya sufuria ya mama," nikajibu.

Hakuna neno la uongo hapo. Jiwe lilikuwa jikoni kweli, na sufuria ilikuwa ya chakula cha mama kweli. Na bado ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, kwa sababu tangu dakika ile kosa likapata mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi.

Wifi hakulala nalo. Kufikia jioni, sokoni kote walikuwa wanajua kwamba bibi wa Daa alikuja na mkosi, kwamba mama mkwe kampika mkwe wake mguu. Alilisema hadi nyumbani kwangu, Aayo akiwa amekaa hapo hapo, kana kwamba mtu mwenye macho mabovu hana na masikio. Nami nilikuwa napepeta mchele. Niliendelea kupepeta.

Usiku Aayo aliniuliza kwa lugha yetu, "Mwanangu, ni mimi?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Ni bahati mbaya, Aayo." Nilikuwa na maneno yote ya dunia, nikachagua hayo!

Asubuhi akafunga kifurushi chake akarudi Daa kwa miguu. Daktari wa macho akaja Endulen, akatibu watu wengine, akaondoka. Jicho moja la Aayo likafa kabla ya mvua za masika, na la pili likaanza kulifuata.

Mguu wa Baba Elia ulipona lakini goti halikunjiki. Na huo wa kushoto ndio wa klachi, kwa hiyo udereva ukaishia hapo. Akaanza kutengeneza baiskeli barazani kwetu, mpole vile vile, na mimi nikawa nauza vitunguu.

Mavuno yalipofika akaja punda wa jirani yake Aayo na gunia la maharage. Aliyemleta akasema, "Bibi anasema ni kwa ajili ya mguu." Kwetu mtu akimwumiza mtu hutoa kitu, hata kama hakukusudia. Aayo alikuwa analipa. Nikamwambia Baba Elia, mwambie mama yangu ukweli, mrudishie maharage yake. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi langu nilishalisema."

Nikayapika yale maharage. Tukala.

Mavuno mengine Aayo akatuma asali. Mengine kondoo jike. Kila mara napanga nitakwenda Daa nikaseme, kila mara kuna palizi, kuna mtoto mgonjwa, kuna mvua. Niwe mkweli: kulikuwa na woga tu. Kisha siku moja akatuma ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee. Hapo nikasema sasa basi, nikatoka kwa miguu mpaka Daa, njiani naongea peke yangu kama kichaa, nafanya mazoezi ya maneno. Nikamkuta Aayo kakaa juani, macho yote yameshaingia ukungu. Aliponisikia sauti akacheka. "Mmempokea ng'ombe? Mmempokea kweli? Basi leo nitalala usingizi."

Nikamwambia tumempokea. Nikanywa uji wake, nikarudi Karatu.

Mwaka uliofuata akawa wa kitandani. Baba Elia akasema anataka kwenda kumwona, akaenda na fimbo yake, mimi nyuma yake. Aayo alipoambiwa mkwe wake amefika, akanyoosha mkono akapapasa mpaka akalipata lile goti, akalishika. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini maneno mawili hayo alikuwa nayo tayari.

"Mkwe, nimemaliza?"

Baba Elia aliegemea fimbo yake. Alinigeukia mimi. Alinitazama, akangoja, na nilijua anangoja nini, hata mama jirani aliyekuwa akimwuguza Aayo nadhani alijua kuna kitu kinangojwa. Nikaangalia chini, kwenye kandambili zangu.

"Umemaliza, mama," akasema.

"Asante," Aayo akasema. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyosikia.

Tulipotoka kumzika nilimvaa mume wangu njiani, mbele za watu, sikujali. Kwa nini ulisema jiwe? Nani alikutuma unifiche? Ulinifungia ndani na ufunguo ukaumeza wewe! Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akapandisha sauti.

"Siku ile nilidhani nakufa," akasema. "Sikutaka wanangu wabaki na mama ambaye watu wanamwita muuaji. Nilidhani kesho yake, ukiniona mzima, utasema mwenyewe. Nimekungojea, Mama Elia. Nimekula maharage ya mama yako nikikungojea."

Nilimkasirikia wifi kwa ulimi wake, nikamkasirikia mume wangu kwa upole wake, nikawakasirikia hata waliokuja msibani wakanishika mabega na kuniambia nilikuwa mtoto mwema kwa mama yangu. Zamu yangu mimi niliiweka ya mwisho, na ndiyo iliyotakiwa kuwa ya kwanza.

Wewe unayesoma, ukimshikia mtu breki, mshikie mpaka atoke, hata kama amekutukana ukoo mzima. Ugomvi wenu mtaumalizia akiwa amesimama. Na ukishakosa, sema siku ile ile, watu wakiwa bado wanapiga mayowe. Ukingoja watulie, utakuta mtu mwingine ameshaanza kukulipia, na hatakuuliza.

Ng'ombe wa Aayo bado yuko zizini kwangu. Asubuhi hii nimemkamua, watoto wakanywa, na mdogo wao akaniuliza bibi alitupa ng'ombe kwa nini. Nilianza kumwambia, "Ni kwa ajili ya jiwe," nikajikamata. Nimemwita arudi aketi. Nikimaliza mstari huu, yeye ndiye nitakayemwambia kwanza.