Lulu Mbili za Nyuma ya Shingo

Karakana yake ilikuwa meza ya chakula. Tangu aache kazi ya uchapaji ofisini, Fundi Shanga, kama majirani walivyozoea kumwita, aliitandika meza hiyo shuka nene ili shanga zisibingirike, akapanga visahani: akiki nyekundu, feruzi, zumaridi ndogo ndogo, na lulu kwa ukubwa wake. Familia ikahamia sebuleni kula, sahani mapajani.

"Mawe yamepewa meza, mwenye nyumba kapewa magoti," mumewe aliwatania wageni. Watu wakicheka, fundi naye alicheka, kwa sababu kazi yake ilikuwa safi. Kila lulu aliifungia fundo lake, uzi ukikatika ipotee moja tu, si zote.

Wiki moja alipata kazi mbili kwa mpigo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa anastaafu, akataka hereni za lulu za kuvaa siku ya kuagwa. Mama mkwe naye akaleta mkufu wake, lulu arobaini na saba alizopewa na marehemu mumewe. Uzi wake ulikuwa umelika.

"Sijawahi kumpa fundi yeyote," mama mkwe alisema, akiufungua kutoka kwenye leso. "Lakini wewe ni mwanangu."

Siku moja kabla ya mwalimu kuagwa, fundi alikuwa akipanua tundu la lulu ya hereni kwa kekee ndogo. Mkono ukateleza, lulu ikapasuka. Alipekua visahani vyote, hakupata ya kufanana na ile iliyobaki. Alimpigia simu mwenye duka la shanga, akaambiwa amesafiri.

Lulu za mama mkwe zilikuwa pale pale mezani, zimepangwa kwa mfuatano wake, zikingoja uzi mpya. Mbili za mwisho, zile zinazokaa karibu na kishikizo, zilifanana kama pacha.

Nani huangalia nyuma ya shingo ya mtu? alijiuliza. Akazitoa zote mbili. Mahali pake akatia shanga mbili za kioo zilizopakwa rangi ya lulu, akajiahidi kwamba akipata lulu nyingine nzuri atazitia badala yake, tena kimya kimya. Mafundo aliyafunga vizuri sana siku ile.

Kwenye sherehe mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya wageni. "Mnaziona hizi? Zimetoka kwenye mikono ya huyu mama." Watu wakapiga makofi. Fundi alitazama chini, wakadhani ni unyenyekevu.

Jumamosi iliyofuata fundi alimrudishia mama mkwe mkufu wake, wakakaa wakinywa chai. Mama mkwe alikuwa na ukungu machoni, kwa hiyo vitu vyake alivijua kwa vidole. Aliupitisha mkufu mkononi, lulu moja moja, akasita. Akaipeleka ya mwisho mdomoni, akaisugua kwenye meno.

"Hii inateleza," alisema. Akajaribu ya pili. "Na hii pia."

Lulu ya kweli ukiisugua kwenye meno hukwaruza kidogo, kama mchanga laini. Kioo huteleza tu. Fundi alilijua hilo miaka mingi. Hakujua kama mama mkwe naye alilijua.

Mama mkwe akamgeukia binti yake, wifi yake fundi. "Mwezi uliopita uliuazima kwenda kupigia picha."

"Nikaurudisha vile vile, mama!"

"Basi zimebadilikaje? Fundi kafunga alichopewa tu. Au sivyo, mwanangu?"

Wote wakamtazama. Kikombe kilikuwa mkononi, chai ingali ya moto.

"Nilifunga nilizopewa, mama," alisema.

Wifi akainuka, akachukua mkoba wake na kuondoka bila kuaga.

Siku nne fundi hakugusa sindano. Mumewe alimweleza kwamba dada yake analia, hapokei simu ya mama yao. "Na wewe unaumwa nini?" akamuuliza. Fundi akamwambia. Mume akasema, "Mimi siwezi kukusemea hili."

Asubuhi akaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu alimfungulia mlango, hereni zikiwa masikioni.

"Nimekuja kuziomba," fundi alisema. "Lulu si zangu. Nilizitoa kwenye mkufu wa mama mkwe wangu, bila yeye kujua."

Mwalimu alizivua moja, kisha nyingine, akamwekea kiganjani. Hakufoka. "Nami nilikusimamisha mbele ya watu wote wale," alisema tu. Fundi angefurahi kama angetukanwa.

Mchana ule alimsihi wifi yake aje kwa mama. Walipokaa, akayasema yote, mpaka lile neno alilolisema kwenye chai. Mama mkwe akanyoosha mkono, akapewa lulu mbili. Akazisugua kwenye meno yake, moja baada ya nyingine, mbele ya mkwewe.

"Zifunge," alisema. "Hapa hapa."

Fundi akatoa sindano na uzi aliokuja nao, akafunga, fundo moja akalirudia mara tatu. Wifi alikuwa amesimama dirishani.

"Mama alinitazama kama mwizi," wifi alisema bila kugeuka, "na wewe ulikuwa unakunywa chai."

Fundi akakata ncha ya uzi.

Baadaye alimtengenezea mwalimu hereni nyingine, bure. Mwalimu alizipokea kwa adabu, lakini hakuna aliyewahi kumwona amezivaa. Mama mkwe mkufu wake anauvaa, na fundi akienda kumsalimu humkaribisha kama zamani. Kazi nazo hazijapungua, maana wanafamilia na mwalimu hawakulitoa jambo hilo nje.

Wifi naye ameanza tena kuja nyumbani kwa fundi. Huketi sebuleni, husalimia, huwauliza watoto habari za shule, na akicheka hucheka kweli. Ila fundi akipita karibu yake kwenda kwenye meza ya shanga, wifi huuvuta mkoba wake, akaupakata.