Kamba Lazima Iguse Udongo

Nilijiandikisha katika kozi ya aljebra na trigonometria nikiwa nimekwisha kustaafu, na sikufanya hivyo kwa burudani. Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi hiyo ilinilazimu kutafsiri, kwa sauti isiyoonyesha hisia, maneno ya watu walioapa kwamba mpaka wa shamba unapita mahali fulani kwa sababu baba yao aliambiwa hivyo na babu yao. Nilichoka na "nilisikia". Nilitaka kujifunza upimaji wa ardhi, na chuo cha Arua kilichokubali kunipokea kiliweka sharti moja: hesabu kwanza.

Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Ilikuwapo ya pili, ambayo sikumwambia hata mke wangu.

Kaka yangu mkubwa alipotewa na akili uzeeni. Majirani zake kule Kuluba walisema amerogwa. Jamaa wengine walisema ni damu ya ukoo, na kwamba zamu yangu ingefuata. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ushahidi, nami niliwaambia hivyo. Lakini mwanzo wa ugonjwa ule niliuona kwa macho yangu, na hilo halikuwa jambo la kusikia. Haukuanza kwa kusahau mambo ya kale. Nyimbo za utotoni alizijua zote, na mbuzi wa baba aliweza kuwaeleza rangi zao mmoja mmoja. Kilichomshinda ni kila kilichokuwa kipya. Mlango wa nyumba yake ulipohamishiwa upande wa barabara, aliendelea kwenda nyuma ya nyumba na kugonga ukuta, pale mlango ulipokuwa zamani, akilalamika kwamba wamemfungia nje.

Kwa hiyo niliamua kujipima. Kama kichwa changu kingeweza kupokea jambo jipya na gumu, basi bado kilikuwa changu.

Masomo yalikuwa Jumamosi. Kila Ijumaa nilitoka nyumbani Koboko nikalala kwa binti yangu anayeishi Dadamu, karibu na Arua, ili niwahi. Aljebra haikunitisha sana; milinganyo niliikuta shuleni nilipokuwa kijana, na ilirudi yenyewe. Lakini kurudi kwake hakukuthibitisha lolote, kwa kuwa ilikuwa ya zamani. Trigonometria ndiyo iliyokuwa mlango mpya.

Nikashindwa kuupata. Maswali ya vilima yote yalifanana: umepewa umbali wa ardhini kutoka aliposimama mtu hadi chini ya kilele, umepewa pembe anayokionea kilele hicho, utafute kimo cha kilima. Mwalimu alituonyesha kwamba umbali huo ni upande wa chini wa pembetatu, uliolala sawa, na kwamba mteremko ni upande mwingine kabisa. Nilielewa. Niliandika. Nikifika Koboko nilichora upya, na ile namba nilikuwa nimeiweka juu ya mteremko. Nilifuta. Siku mbili baadaye nilichora tena, na namba ilikuwa imepanda tena. Palipotakiwa tanjenti niliweka sini, na kila kilima changu kilitoka kifupi kuliko kilivyo.

Hofu iliyonishika haikuwa ya mtihani. Asubuhi nilisimama mbele ya mlango wa chumba changu, mkono ukiwa juu ya kitasa, nikajiuliza kama kweli huo ndio mlango. Mke wangu akiniuliza neno la kawaida, nilitulia kabla ya kujibu, nikilikagua jibu kama shahidi asiyeaminika. Alidhani nimekasirika.

Jumamosi moja mwalimu aliniita ubaoni. Nilichora kilima, nikaandika namba juu ya mteremko mbele ya darasa zima. Nyuma yangu mama mmoja muuza vitenge wa soko la Koboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alisema kwa sauti:

"Mzee, hii namba yako napenda mulima sana! Mupe likizo kidogo."

Darasa likacheka. Mwalimu, kijana wa Kiislamu mzaliwa wa Arua ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, hakucheka.

"Mzee," alisema, "kila siku kosa iko moja tu, pahali moja tu. Nani nafundisha wewe kuweka namba huko juu?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikasema, "Baba yangu."

Nikawaeleza. Kwetu Midia shamba lilipimwa kwa kamba ya katani, na kamba lazima iguse udongo njia nzima, ipande na ardhi, ishuke na ardhi. Aliyeiinua hewani alikemewa na wazee kuwa anaiba shamba la mwenzake. "Umbali wa ardhini" kwangu ulikuwa ni kamba iliyolala juu ya mteremko.

"Basi mzee hapana sahau," mwalimu alisema kwa furaha. "Mzee nakumbuka sana!"

Wote walifurahi. Mimi sikufurahi, kwa kuwa kaka yangu naye aligonga ukuta kwa sababu aliukumbuka mlango wa zamani vizuri mno.

Mwalimu alinieleza kwamba mpimaji huinyoosha kamba hewani, sawa kama maji yaliyotulia, kwa sababu ramani huiona ardhi kutoka juu, kama mwewe. Nikamwomba jambo moja: aniite tena Jumamosi ifuatayo, bila kunikumbusha lolote. Wiki ile sikufungua daftari makusudi, ili nisijidanganye. Nililala vibaya.

Siku ilipofika aliniita. Chaki ilikuwa imelowa jasho langu. Nilichora kilima, na mkono ukaenda kwenye mteremko, ukafika. Ukasimama pale. Kwa muda nisioweza kuukadiria sikujua utakwenda wapi. Kisha ukashuka. Ukaandika namba chini, penye mstari uliolala, na pembeni ukaandika tanjenti.

"Ndiyo," alisema mwalimu.

"Nipe lingine," nilimwambia. Shahidi mmoja hanitoshi. Akabadilisha pembe, nikapata. Nikaomba la tatu, la mtu aliye juu ya kilima akitazama chini, nikapata hilo pia. Nilikuwa nikifungua mdomo kuomba la nne.

"Mzee, achia ubao basi!" yule mama wa vitenge aliita. "Na sisi nataka kukosea!"

Alikuja mbele kuchukua chaki. Ilibidi aichomoe taratibu, kwa maana vidole vyangu vilikuwa bado vimekaza.