Niliandika maisha yangu mara saba nikiruka matuta ya upande wa barabarani

Wakuu, habari za Jumapili. Nawasalimu kutoka Sumbawanga, ambako baridi ya leo inafanya vidole vigome kwenye kibodi.

Mimi ni wa kusoma kimya kimya humu. Miaka miwili sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha kwa sababu nimemaliza kuandika kitabu cha maisha yangu, na nilivyokimaliza sikutegemea.

Nitasimulia kama ilivyotokea, hata pale ninapoonekana vibaya. Kwa kweli nitaonekana vibaya mapema tu.

Mnijue kidogo kwanza. Nina miaka ishirini na sita, niliishia darasa la saba. Nachapa barua na mitihani kwenye duka la steshenari Majengo, hapa mjini. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia karanga na kamusi iliyochanika kurasa zote za A.

Ugonjwa wangu ni kutaka kila kitu kiwe safi. Nikikosea herufi moja, nachana karatasi nzima. Ukurasa wa kwanza wa kitabu niliurudia hadi Deo, ninayefanya naye kazi, akaukariri. Akawa anautamka kwa sauti ya mtangazaji wa redio wateja wakiwepo. Niliona aibu sana, lakini kesho yake niliurudia tena.

Draft ya saba nikampa aisome yote.

Alikaa nayo siku tatu. Aliporudisha akasema, "Dada Skola, imenyooka. Ila humu ndani kila mtu ana kosa lake isipokuwa wewe. Hata mbwa wenu kaiba nyama."

Nilikasirika. Nikamwambia abaki na fotokopi zake.

Lakini nilijua alipogusa. Katika draft zote saba, nikifika mwaka niliokuwa na miaka kumi na miwili, naruka. Sentensi moja mama yuko shambani, sentensi inayofuata mimi nimeshahamia mjini.

Sasa niwaambie ya mwaka ule.

Ilikuwa wakati wa soko huria. Zamani mbolea ililetwa kwenye ghala la ushirika, bei nafuu. Kisha ikaachwa kwa wafanyabiashara, bei ikapaa, na watu wengi huku Ufipa wakarudi kwenye kilimo cha mababu, yaani matuta ya duara tunayoyaita intumba.

Kwa msiojua: mvua zikielekea kuisha, unalima nyasi zikiwa mbichi, unazirundika, unazifunika kwa udongo. Juu unapanda maharage. Ndani nyasi zinaoza taratibu. Msimu unaofuata unalibomoa tuta, unalitandaza, unapanda ulezi. Nyasi zile ndizo mbolea. Tuta lisilo na nyasi ni rundo la udongo tu.

Mama yangu kwao ni Wampembe, ziwani, kwa wavuvi. Baba alimuoa akamleta Pito, kijiji cha jirani na mji, kisha akafariki nikiwa darasa la tatu. Tukabaki na shamba la bondeni, ambalo ni la ukoo, na macho ya shangazi Pudensiana, dada mkubwa wa baba, yakiwa juu yetu. Mama alijifunza intumba kwa kutazama wenzake, na akaziweza kweli.

Msimu huo bibi akaugua huko Wampembe. Mama akalazimika kwenda. Upande wa barabarani ulikuwa bado, akaniachia mimi na maneno haya: nyasi kwanza, udongo baadaye, usiniharibie.

Wakuu, niliharibu.

Nyasi zilikuwa na umande, zinakata mikono. Wenzangu ambao kwao bado walinunua mbolea walipita barabarani wakanicheka. Na Majengo kulikuwa kumefunguliwa kibanda cha video, kila mtu anasimulia. Basi nikakokota udongo mtupu nikaupanga matuta. Nyasi nilizotangulia kukata nikazitupa mtoni.

Kwa nje yalikuwa mazuri kuliko ya mama. Duara safi, yamelingana, nimeyapigapiga kwa jembe yakang'aa. Hata wakati ule nilikuwa na ugonjwa wangu.

Mama aliporudi alinisifia mbele ya majirani.

Maharage yakaota ya kujikongoja. Msimu uliofuata nikawahi kuyabomoa mimi, mama asione ndani, na ulezi wa upande ule ukatoka mfupi, wa njano, kila anayepita barabarani anauona. Siku moja shangazi akasimama pale na wanawake wenzake. Hakupunguza sauti.

"Mtu wa migebuka atajulia wapi tuta?"

Wakacheka. Kwa mgeni wa huku, mgebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika.

Mama aliinama akaangalia viganja vyake.

Ukoo ukakaa, ikaamuliwa shamba la bondeni alime shangazi. Mama akapewa kipande cha mawe kule juu. Tangu hapo, wanawake wakizungumzia kilimo, mama alikuwa anakaa kimya kama mgeni.

Na mimi nilijua, nikanyamaza.

Sitaki kusema uongo, niliungama. Nilimwambia padri nimemdanganya mama, mara moja. Nikapewa Salamu Maria tatu. Nikazisali harakaharaka, nikahesabu mambo yamekwisha. Mara moja, wakuu! Ilikuwa nusu ya shamba.

Haya ndiyo niliyokuwa nayaruka.

Baada ya maneno ya Deo nilichukua daftari jipya nikaapa sichani ukurasa. Nikaandika siku nne. Nikikosea nakata neno kwa mstari, naendelea. Daftari likachafuka kuliko la mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kwa mara ya kwanza sura ile ilikuwepo.

Kisha stress ikaanza upya. Nikawaza, siwezi kuchapisha kitabu ambacho wageni watasoma jambo hili kabla ya mama. Tena kumnong'oneza jikoni haitoshi. Jina lake liliharibiwa mbele za watu.

Nikasubiri Jumapili ambayo jumuiya inasali nyumbani kwa mama. Majirani kama kumi na wawili, na shangazi yumo. Baada ya sala nikawaamkia wakubwa shikamoo, nikaomba kusoma kidogo.

"Marahaba, mwandishi," shangazi akasema. "Soma, ila usitulaze."

Nikafungua daftari nikasoma. Nilipofika pale penye udongo mtupu, mtu aliyekuwa anakohoa akaacha kukohoa. Nikasoma ulezi wa njano, nikasoma maneno ya migebuka, nikasoma viganja. Nikafunga daftari.

Mama akauliza taratibu, "Upande wa barabarani?"

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akageuza mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu anahakiki kama ni chake.

"Kumbe hii mikono haikuwa na kosa," akasema.

Shangazi akaomba nirudie pale penye maneno yake. Nikarudia. Akavuta kitenge mdomoni.

"Nilisema hivyo kweli?"

"Ulisema, wifi," mama akamjibu. "Sijasahau hata ulivyokuwa umeshika kiuno."

Watu wakacheka, na shangazi mwenyewe akacheka, kisha akalia. Sijawahi kumuona akilia, hata kwenye msiba wa baba hakulia vile.

Msidhani mimi nilipona. Mama hakunisemesha wiki tatu. Nilikuwa nikienda Pito nasalimia, anaitikia marahaba, basi. Nilijiona nimemaliza kitabu nikampoteza mama.

Wiki ya nne akanitumia ujumbe: njoo na jembe.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Nilimkuta bondeni, kwenye shamba letu lile lile. Shangazi alikuwa amemrudishia mbele ya wanaukoo, na sasa amesimama ukingoni na jembe lake begani, anasubiri.

"Wifi, tuanzie wapi?" akamuuliza mama.

Mama akaonyesha upande wa barabarani.

Nikapiga magoti kwenye umande nikakata nyasi. Tuta langu la kwanza lilitoka limepinda upande mmoja. Nilitaka kulirudia lakini mama akawa ameshafika. Akachomeka mkono kwenye udongo hadi kwenye kiwiko, akachomoa konzi ya nyasi mbichi, akaziinua juu wifi yake azione.

"Zimo," akasema.

Kisha akanigeukia. "Na hili kaliandike."

Nimeliandika. Ndiyo ukurasa wa mwisho wa kitabu, na niliuandika mara moja tu.

Nilichojifunza: nilikuwa natafuta neno zuri zaidi miaka yote, kumbe kilichokuwa kinanichelewesha ni jambo moja nililokuwa nimelikalia. Nilipolisema, kurasa nyingine zote zikakubali kukaa.

Mlioandika maisha yenu, au mnaotaka kuandika, mliwaambiaje watu waliomo ndani? Mlisubiri wasome wenyewe, au mliwasomea usoni? Nataka kujua kwa kweli.

Na Deo, najua unasoma humu kwa jina la bandia. Ukiona kosa la herufi, liache hapo lilipo.