Kifuniko Nilichokipandisha Darini

Katikati ya miaka ya hamsini, zikiwa zimebaki wiki tatu niolewe, mama mkwe wangu alipanda mtumbwi kutoka Garsen akaja kwetu Chara kuliona sanduku langu la nguo. Seremala alikuwa amelimaliza. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa akilipaka rangi, na rangi hiyo aliitengeneza mwenyewe.

Mama mkwe alilizunguka sanduku mara mbili.

"Rangi ya magome na majani?" akauliza. "Litasafiri kwa mtumbwi hili, mama. Likirushiwa maji kidogo tu litakuwa mchuzi."

"Siku ya kulipokea, njoo na kitambaa cheupe," shangazi akamjibu. "Kiloweshe, usugue mpaka uchoke."

"Nitakuja nacho. Na mkebe wa rangi ya dukani nitauweka tayari."

Nilielewa. Rangi ikitoka, shangazi ataaibika mbele ya wakwe, nami nitaingia nyumba ile nikiwa nimeshachekwa.

Ufundi huo shangazi aliupata Kipini, alikoishi na marehemu mumewe, kwa mafundi waliopaka miguu ya vitanda. Chara alilima mpunga kama wanawake wengine, ila uani kwake kulikuwa na vyungu ambavyo havikupikiwa chakula kamwe. Magome ya mkoko aliyachemsha kutwa nzima, akatia shabu, ile chumvi ya kushikiza rangi, akakoroga na unga wa udongo mweupe, akaacha mchanganyiko utulie. Kilichobaki chini alikianika, akakisaga juu ya jiwe, akakichanganya na gundi ya mgunga. Huo ukawa wekundu wake. Nilimwuliza kwa nini hatumii manjano, yaliyojaa kila jikoni.

"Manjano yanapendeza Jumapili," alisema. "Jumatano jua limeshayala."

Juu ya rangi ilipita vanishi. Aliyeyusha sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, mbali na nyumba, huku mchanga wa kuzimia moto ukiwa kando yake. Kisha akamimina mafuta ya simsim yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Hakupima kitu. Alichovya kijiti, akakiinua, akautazama uzi ulioning'inia. Ukikatika upesi, alirudisha chungu motoni. Sikuwahi kumwona akiharakisha hatua hata moja.

Kukauka nako kulikuwa na kipimo chake. Kila asubuhi alirusha pumba za mpunga kwenye kona ya kifuniko, akapuliza. Zikinata, bado. Zikiruka zote, tayari.

Siku ya nne pumba zilikuwa bado zinanata, na shangazi alikuwa shambani ng'ambo ya mto, manyunyu yalipoanza. Nilikibeba kifuniko hadi jikoni, nikakipandisha kwenye dari iliyo juu ya mafiga, tunakowekea mbegu za mahindi. Nikakilaza kifudifudi ili uso upate joto. Nikaongeza kuni.

Aliporudi alasiri nilikishusha mbele yake kwa fahari. Wekundu haukuonekana. Masizi yalikuwa yamezama kwenye vanishi mabaka mabaka, kama ugonjwa wa ngozi.

"Nani kakiweka juu ya moto?"

"Mimi, shangazi. Mbegu hukauka vizuri pale."

"Basi kichukue ukakipande, tuone kama kitaota."

Nililia. Yeye alikigusa kifuniko kwa kidole, akanusa. Halafu akasema, "Masizi nayo ni rangi. Kosa lako umeyapaka vibaya."

Alikwangua masizi ya chungu, akayasaga na vanishi kidogo, akakipaka kifuniko chote mpaka kikawa cheusi sawasawa. Akasubiri. Pumba zilipoanza kunata kwa shida, alichukua mwiba wa nungunungu akaanza kuchora kwa kukwangua. Kila alipopita, weusi uliondoka na wekundu mkavu wa chini ukatokea: matete, mtumbwi, korongo wawili. Awali alikusudia kifuniko chekundu kitupu. Akamalizia kwa vanishi nyembamba, na siku mbili kabla ya harusi pumba ziliruka zote.

Sanduku lilifika Garsen limelowa maji ya mto. Mama mkwe alikuwa pale ukingoni na kitambaa chake. Alisugua kifuniko, ubavu, kona. Akakitazama kitambaa.

"Kimechafuka."

"Tope hilo," shangazi akasema. "La mto. Sikulitengeneza mimi."

Akasugua tena kwa upande wa pili. Kitambaa kilibaki cheupe. Akainama kuwatazama korongo kwa karibu.

"Na weusi huu, mama, umeutoa mti gani?"

"Mwulize mkweo. Weusi ni wake."

Nikamweleza habari ya dari na mbegu. Alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku, kisha akaruka upesi, akajigeuza kuangalia nguo yake nyuma. Ilikuwa safi.