Wiki Niliyoacha Kufoka

Mimi nikifoka, hata duka jirani hunyamaza. Daktari aliponionya kuhusu presha, nikaapa kuwasifu tu mafundi wangu wa kushona pale Westlands. Atieno alipounguza suruali ya mteja kwa pasi, nilitabasamu: "Pole, Atieno. Kazi yako huwa safi sana."

Akanikodolea macho. Tangu hapo wakawa wananong'ona, nikiingia wananyamaza. Usingizi ukanipotea: hawa wanapanga kuniacha wote!

Alhamisi, saa ya lanchi, nikasikia jina langu likitajwa stoo. Nikausukuma mlango kwa teke. "Mnanipangia nini, nyinyi?"

Walikuwa wamepiga magoti, wananiombea uzima.

Atieno akaruka juu, machozi yakimtoka. "Asante Yesu! Madam amepona!"