Kifuniko cha Kuzungusha Kwenye Harusi ya Mwese

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa karakana yetu ya divai ya asali pale Misunkumilo, mjini Mpanda, hata hakunisalimia. Alinitia mkononi kizibo cha gome la mti, akasema, "Nusa." Nikanusa. "Kinanuka kuvu?" Nikasema hapana. "Basi anza kazi. Kikinuka kuvu, chupa nzima imekwenda."

Nikawa mfungaji wa chupa. Kizibo unakilainisha kwa mvuke, unakiweka kwenye mashine ya mkono, unashusha mpini, kinazama shingoni. Kisha chupa unailaza ili divai ilowanishe kizibo kisikauke. Nilikipenda kizibo kile, sifichi. Lakini wateja wetu, jamani! Wanaisimamisha chupa dirishani, jua linaipiga, kizibo kinasinyaa, hewa inaingia, wanafungua siki. Halafu tunatukanwa sisi.

Meneja akachoka, akaniambia, "Mama Neema, oda ya harusi ya kule kijijini Mwese ikiharibika, nafunga karakana. Tutarudi kuuza asali kwenye ndoo."

Nilishtuka. Wanawake wote pale tulisomesha watoto kwa kazi ile. Nikaomba tujaribu vifuniko vya bati vya kuzungusha, vyenye utando laini ndani wa kuzuia hewa. Mwenyekiti wa kikundi chetu, wenye karakana, alicheka mpaka akashika mbavu. "Divai kama dawa ya kikohozi? Nyie mnataka tuchekwe!" Mwishowe tukakubaliana: nusu vizibo, nusu vifuniko.

Bodaboda walipandisha kreti milimani, nami nyuma yao namwomba Mungu. Harusini, Mwenyekiti mwenyewe akatoa kizibuo, ile waya iliyojisokota ya kung'olea kizibo. Akavuta, akavuta, kizibo kikakatika. Kilichobaki akakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. Baba wa bibi harusi akanywa, akatema vipande vya gome mbele ya wakwe. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyanya wa bibi harusi, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, akajichukulia chupa ya kifuniko. Krak! Ikafunguka. Akaonja, akafumba macho. "Ee! Hii bado ni asali." Vigelegele vikapigwa, wageni wakaziendea chupa zote za vifuniko. Divai iliyobaki kwenye chupa yake nyanya aliifunga tena, akaiviringisha kwenye kitenge, akapanda nayo bodaboda. Haikumwagika hata tone.

Tuliporudi na kuingia Mpanda, Mwenyekiti akasema, "Mama Neema, agiza dawa ya kikohozi. Nyingi."

Kizibo si kibaya, wajukuu zangu. Kinamfaa anayeilaza chupa na kuisubiri miaka. Sisi watu wetu wanasimamisha chupa, tena wanasafiri nayo.

Sasa nimestaafu. Juzi nimepita Misunkumilo, nikakuta mlango wa karakana uko wazi, wanawake wanaimba, mashine ya kubana vifuniko inagonga. Nilisimama nje nikalia kwa furaha. Halafu nikafuta machozi, nikaingia kuwagombeza: wanabana kwa haraka mno.